Sheria, mkaguzi, fedha au Washington: jimbo la Marekani lishike njia ipi kwa usalama wa treni za mizigo?

Usiku wa tarehe 3 Februari 2023, treni ya mizigo ya kampuni ya Norfolk Southern iliacha njia katika mji mdogo wa East Palestine, jimboni Ohio, karibu kabisa na mpaka wa Pennsylvania. Mabehewa 38 yaliacha reli, 11 kati yake yakiwa yamebeba kemikali za hatari. Siku tatu baadaye matangi matano ya kloridi ya vinili yalitobolewa na kuchomwa kwa makusudi, uamuzi ambao Bodi ya Taifa ya Usalama wa Usafiri ilikuja kusema mwaka 2024 kwamba haukuwa wa lazima. Kabla miezi miwili haijapita, Gavana Mike DeWine alikuwa amekwisha kutia saini sheria ya jimbo iliyotaka, pamoja na mambo mengine, treni za mizigo ziwe na wafanyakazi wasiopungua wawili. Kampuni za reli zilikuwa na jibu lao: jambo hilo si la Ohio kuamua.

Makala hii inalinganisha njia nne ambazo jimbo linaweza kushika likitaka treni za mizigo zipite salama kwenye ardhi yake: kutunga sheria yake lenyewe, kupeleka wakaguzi wake relini, kutoa fedha zake, na kuisukuma Washington, yaani serikali ya shirikisho. Inamlenga msomaji anayeishi huko Marekani, awe diwani, mwanachama wa chama cha wafanyakazi au mkazi wa mtaa unaokatwa na reli, ambaye ana nguvu ya kuendesha kampeni moja tu na hapendi kuimaliza kwenye jambo ambalo mahakama italifuta.

Aliyezoea nchi yenye mdhibiti mmoja, kama LATRA ilivyo kwa Tanzania Bara, huenda akadhani kwamba katika shirikisho lenye majimbo yenye nguvu kiasi kile kila jimbo linajipangia. Kwa reli sivyo. Sheria ya Shirikisho ya Usalama wa Reli ya mwaka 1970 inataka kanuni za usalama ziwe za namna moja nchi nzima kadiri inavyowezekana, na inaliachia jimbo milango miwili tu. Mlango wa kwanza ni jambo ambalo Waziri wa Uchukuzi hajalitungia kanuni. Hapo jimbo linaweza kutunga yake, lakini kanuni ya shirikisho ikija, ya jimbo hupoteza nguvu. Mlango wa pili ni hatari ya mahali hapo hasa: hata pale kanuni ya shirikisho ipo, jimbo linaweza kuweka sharti kali zaidi, ili mradi halipingani na sheria ya shirikisho na haliibebeshi biashara baina ya majimbo mzigo uliopita kiasi. Mlango huu wa pili ni mpana ukiusoma kwenye karatasi na mwembamba ukifika mahakamani, kwa sababu majaji wamekuwa wakisema kwamba hatari inayoweza kukutwa kokote nchini haiwezi kuitwa ya mahali.

Juu ya hayo ipo sheria ya mwaka 1995 iliyoivunja Tume ya Biashara baina ya Majimbo na kuipa Bodi ya Usafiri wa Ardhini mamlaka ya pekee juu ya shughuli za uchukuzi wa reli. Sheria ya 1970 inahusu usalama na ile ya 1995 inahusu uchumi, lakini wanasheria wa kampuni za reli huingia mahakamani nazo zote mbili, na jimbo likiikwepa moja hukutana na nyingine.

Kutunga sheria ya jimbo

Hakuna njia inayoonekana haraka kuliko hii. Bunge la jimbo hukaa, gavana hutia saini, na wananchi huona kwamba kilio chao kimesikika. Ubaya ni kwamba matokeo yake hutegemea mno jambo lenyewe linalotungiwa sheria, na hapo ndipo watu wengi hukosea kwa kudhani kwamba kero kubwa zaidi ndiyo yenye sheria iliyo rahisi zaidi.

Tuchukue treni iliyosimama katikati ya barabara. Huenda hii ndiyo kero inayowafikia watu wengi kuliko nyingine zote: gari la wagonjwa linasubiri, wanafunzi wanapenya katikati ya mabehewa, na treni haisogei. Ohio ilikuwa na sheria ya zamani iliyokataza treni kuziba makutano ya reli na barabara kwa zaidi ya dakika tano. Mwaka 2018 kampuni ya CSX ilishtakiwa chini ya sheria hiyo kwa treni zilizoziba barabara karibu na kiwanda cha Honda katika kaunti ya Union. Kesi ilipanda hadi Mahakama ya Juu ya Ohio, ambayo Agosti 2022 iliamua kwamba sheria ya shirikisho inaipiku ile ya jimbo, ingawa majaji hawakukubaliana wote ni sheria ipi kati ya zile mbili iliyoipiku. Januari 2024 Mahakama ya Juu ya Marekani ilikataa kuisikiliza rufaa ya Ohio. Indiana ilikuwa imeshafika hapohapo mwaka 2018, pale Norfolk Southern iliposhinda dhidi ya hati 23 za faini chini ya sheria ya dakika kumi, na Oklahoma ikafuata mwaka 2022 katika mahakama ya rufani ya shirikisho.

Kinachouma ni kwamba Washington yenyewe haina kanuni inayoweka kikomo cha dakika. Utawala wa Reli wa Shirikisho, maarufu kwa kifupisho FRA, una ukurasa ambapo mwananchi anaweza kuripoti makutano yaliyozibwa, lakini ripoti hiyo haizai faini. Kwa hiyo jimbo haliruhusiwi na shirikisho halijaamua, na treni inaendelea kusimama. Mtu anayeombwa kuchangia kampeni ya faini mpya kwa kero hii aulize kwanza mpango huo unatofautianaje na ule wa Ohio.

Urefu wa treni una historia ndefu zaidi. Mwaka 1912 Arizona iliweka ukomo wa mabehewa 14 kwa treni ya abiria na 70 kwa treni ya mizigo. Sheria hiyo iliishi zaidi ya miaka 30, hadi mwaka 1945, Mahakama ya Juu ilipoifuta katika kesi ya kampuni ya Southern Pacific, uamuzi ukiandikwa na Jaji Mkuu Harlan Fiske Stone. Sheria ya 1970 haikuwapo bado. Kilichotumika ni Katiba yenyewe, inayokataza jimbo kuzuia biashara baina ya majimbo. Kampuni ililazimika kuzivunja na kuziunga upya treni ndefu zilizokuwa zikipita tu Arizona kwenda kwingine, na takribani asilimia 93 ya mizigo iliyopita humo ilikuwa ya safari baina ya majimbo. Kesi hii bado haijazeeka. Leo hakuna kanuni ya shirikisho inayoweka ukomo wa urefu, hivyo mlango wa kwanza wa sheria ya 1970 unaonekana wazi, lakini nyuma yake pamesimama uamuzi wa 1945.

Idadi ya wafanyakazi imekwenda kwa mwendo wa tofauti, na ndiyo inayonifanya nisiitupe kabisa njia hii ya sheria ya jimbo. Tarehe 6 Julai 2013, treni ya mafuta iliyokuwa imeachwa na mwendeshaji wake mmoja iliteremka yenyewe hadi katikati ya mji wa Lac-Mégantic, Quebec, nchini Kanada, na watu 47 wakafa. Mwaka 2016 FRA ilipendekeza kanuni ya watu wawili. Mwaka 2019 ikaliondoa pendekezo hilo, na ikaongeza kwamba kutotunga kanuni ni uamuzi pia, kwa hiyo majimbo nayo yasitunge. Mahakama ya rufani ya shirikisho ya mkoa wa tisa ilikataa hoja hiyo mwaka 2021. Wakati huohuo majimbo hayakukaa kimya: Colorado na Nevada zilitunga sheria zao mwaka 2019, Minnesota na Ohio mwaka 2023. Aprili 2024 FRA ilitoa kanuni ya taifa inayotaka, kwa kawaida, watu wawili kwenye treni. Kanuni hiyo ilipofika, mlango wa kwanza wa sheria ya 1970 ulianza kufungwa mbele ya majimbo yaliyoupita mapema, lakini sidhani kwamba walioziandika sheria zile walipoteza wakati wao, kwani walichokuwa wakikitafuta kilikuwa treni yenye watu wawili, na hicho kilipatikana kwa saini ya mtu mwingine.

Upo mfano mwingine ambao ningependa kila mtunga sheria wa jimbo ausome kabla hajashika kalamu. Mafuta ghafi ya Bakken yalionekana kuwa mepesi kuwaka, na majimbo mawili yaliamua kupunguza shinikizo la mvuke wake. North Dakota, yanakochimbwa, ilitoa amri mwishoni mwa 2014 kupitia tume yake ya viwanda: mafuta yatayarishwe kabla ya kuondoka eneo la kisima hadi shinikizo lisizidi pauni 13.7 kwa inchi ya mraba. Jimbo la Washington, yanakopakuliwa, lilitunga sheria mwaka 2019 likizuia upakuaji wa mafuta yenye shinikizo linalozidi pauni 9. Amri ya North Dakota ilikaa juu ya kazi ya uchimbaji, ambayo jimbo limeidhibiti siku zote. Sheria ya jimbo la Washington ilikaa juu ya behewa lililofika kutoka jimbo jingine, na Mei 2020 wakala wa shirikisho wa bidhaa hatari, PHMSA, alitamka kwamba imezidiwa nguvu na sheria ya shirikisho. Walioomba tamko hilo ni majimbo mawili, Montana na North Dakota hiyohiyo.

Kupeleka wakaguzi

Njia hii haina vichwa vya habari, na labda ndiyo sababu haisemwi sana. Takribani majimbo 30 yameingia katika mpango wa ushirikiano ambapo jimbo huajiri na kulipa mishahara ya wakaguzi, FRA huwafunza na kuwapa vyeti, nao hukagua kwa kutumia kanuni za shirikisho. Ohio inao kupitia tume yake ya huduma za umma, na ndivyo ilivyo California na Pennsylvania. Kila mkaguzi ana fani yake: njia, ishara, vichwa na mabehewa, uendeshaji, bidhaa hatari, au makutano.

Faida yake ya kwanza ni ya kisheria: hakuna anayeweza kusema kwamba mkaguzi anazidiwa nguvu na sheria ya shirikisho, kwa kuwa ndiyo anayoitekeleza. Faida ya pili inaonekana ukimtazama mkaguzi wa njia akiwa kazini. Hutembea juu ya mataruma na kokoto akiwa na fimbo ya kupimia geji, yaani nafasi kati ya reli mbili, ambayo kwa kawaida ni inchi 56½ sawa na milimita 1,435. Kwenye njia ya daraja la 4, ambapo treni ya mizigo inaruhusiwa kwenda hadi maili 60 kwa saa, geji isizidi inchi 57½. Ikizidi hapo, hata kwa unene wa kucha, njia hiyo haifai tena daraja la 4. Ikiwa haijapita 57¾ inaweza kutumika kama daraja la 3, kwa mwendo usiozidi maili 40. Ikizidi 58, haifai hata daraja la 1, ambalo treni hutambaa kwa maili 10. Robo ya inchi ni kama milimita sita. Mtu mmoja mwenye fimbo, akiiona na kuiandika, amepunguza mwendo wa treni kwa theluthi bila kusubiri kura ya mbunge yeyote.

Udhaifu wake nao ni wa kweli. Faini hutozwa na FRA, si na jimbo, na mkaguzi wa jimbo hupendekeza tu. Sheria imeweka njia ya kutokea: FRA isipotoza faini ndani ya siku 60 tangu kuarifiwa, jimbo linaweza kufungua shauri la madai lenyewe katika mahakama ya shirikisho, na kwa maombi ya zuio muda ni siku 15. Ni kifungu ambacho mkazi anayefuatilia anapaswa kukijua, na kuiuliza ofisi husika ya jimbo lake ilikitumia lini mara ya mwisho.

Udhaifu mkubwa zaidi ni kwamba mkaguzi hawezi kuandika kosa dhidi ya kanuni isiyokuwapo. East Palestine ni ushahidi. Beringi ya behewa moja ilikuwa ikipata moto, na vihisi vilivyo kando ya reli viliipima njiani. Katika kituo cha Sebring joto lilizidi hewa ya nje kwa nyuzi 38 za Farenhaiti. Salem, maili kama 10 mbele, lilizidi kwa nyuzi 103. Kisha zikapita maili kama 20 bila kihisi kingine, na East Palestine penyewe kipimo kilikuwa nyuzi 253, wakati treni imekwisha kuchelewa kusimama. Norfolk Southern iliweka yenyewe kiwango cha nyuzi 170 kuwa ndicho cha kuwaamuru wafanyakazi wasimame na kukagua, na nyuzi 103 hazikufika hapo. Hapakuwa na kanuni ya shirikisho iliyosema vihisi viwe umbali gani wala visome kiasi gani ndipo treni isimame. Mkaguzi bora kuliko wote, akiwa amesimama Salem usiku ule, asingekuwa na kifungu cha kuandika kwenye fomu yake.

Kutoa fedha

Hapa sina mengi ya kusema, kwa sababu mambo ni ya moja kwa moja. Kosa la treni kuziba barabara, ambalo faini imeshindwa kulizuia, daraja la kupita juu ya reli hulimaliza. Sheria ya miundombinu ya mwaka 2021 ilitenga dola bilioni 3 kwa miaka mitano kwa ajili ya kuondoa makutano ya reli na barabara, na dola milioni 245 kwa mwaka kwa taa, vizuizi na marekebisho mengine, na jimbo lenye fedha za kuchangia hupanda juu katika foleni ya waombaji. Kampuni ya reli haina sababu ya kwenda mahakamani kupinga daraja. Gharama ni kubwa na ujenzi huchukua miaka, kwa hiyo mtaa mmoja utapata na kumi itangoja.

Tahadhari moja ni chanzo cha fedha hizo. California ilitoza dola 45 kwa kila behewa la bidhaa hatari ili kugharimia maandalizi ya dharura, na mwaka 2018 mahakama ya rufani ya shirikisho ilikubali kwamba tozo hiyo izuiwe. Pesa itoke kwenye bajeti ya kawaida ya jimbo, isitoke kwenye tozo inayolenga reli peke yake.

Kuisukuma Washington

Kinachopatikana huko hakiwezi kuzidiwa nguvu na jimbo lolote, na kinafika kila jimbo. Lakini hebu tazama kasi yake. Wiki nne baada ya ajali ya Ohio, maseneta wa jimbo hilo, Sherrod Brown wa Democratic na J.D. Vance wa Republican, waliwasilisha pamoja mswada wa usalama wa reli uliogusa vihisi, wafanyakazi wawili na faini kubwa zaidi. Mei 2023 ulipita kamati ya Seneti. Haukuwahi kupigiwa kura na Seneti nzima, na Bunge lile likamaliza muda wake. Kilichopatikana kilitoka kwenye wizara: kanuni ya wafanyakazi ya Aprili 2024, na ile ya PHMSA ya Juni 2024 inayozitaka kampuni za reli ziwape wazimamoto taarifa za kielektroniki za kilichomo kwenye treni na kilipo. Nayo kanuni ya wizara si mwamba. Ile ya wafanyakazi ilipendekezwa chini ya utawala mmoja, ikaondolewa chini ya wa pili, ikaandikwa chini ya wa tatu.

Kuna jambo dogo ambalo Washington ilifanya na ambalo watu hulisahau. Januari 2002 treni yenye amonia iliacha njia karibu na Minot, North Dakota. Mtu mmoja alikufa na mamia waliumia, na mahakama zikawaambia baadhi yao kwamba madai yao yamezidiwa nguvu na sheria ya shirikisho. Mwaka 2007 Bunge liliirekebisha sheria ya 1970 ili kubainisha kwamba aliyeumizwa anaweza kudai fidia chini ya sheria ya jimbo, pale kampuni iliposhindwa kufuata kanuni ya shirikisho au kanuni zake yenyewe zilizotungwa kutokana na ile ya shirikisho. Fidia huja baada ya maumivu, ila ripoti za wakaguzi wa jimbo ndizo zinazoweza kuonyesha kwamba kanuni ilivunjwa.

Uchague ipi

Kama tatizo lako ni treni zinazoziba barabara, acha sheria ya faini na ufuate daraja. Kama reli inayopita kwako ni ya zamani, mataruma yameoza na treni zinayumba, dai wakaguzi zaidi. Jimbo lisilo katika mpango wa FRA liingie, na lililomo lijaze nafasi zilizo wazi kabla ya kufikiria sheria yoyote mpya, kwa sababu kanuni za njia ziko tayari na ni kali kiasi cha kutosha. Kama wasiwasi ni wazimamoto kutojua wanachokizima, kanuni ya 2024 imekwisha kutungwa, na kazi iliyobaki ni kuhakikisha kikosi cha mji wako kina vifaa na mazoezi ya kuitumia. Kwa urefu wa treni na kwa idadi ya wafanyakazi ningepeleka nguvu Washington, nikitumia bunge la jimbo kama kipaza sauti tu.

Vihisi vya joto ndilo jambo ambalo ningejaribu sheria ya jimbo kwa dhati. Ohio iliviingiza kwenye sheria yake ya 2023, ikizitaka ofisi zake zishirikiane na kampuni za reli kuhakikisha vinawekwa na kufanya kazi, na pale ambapo Waziri wa Uchukuzi hajaandika kanuni juu ya umbali na viwango vyake, mlango wa kwanza wa 1970 uko wazi. Kihisi hakilazimishi treni kuvunjwa mpakani wala kubadilisha urefu wake, hivyo mzigo wake kwa biashara ni mdogo kuliko ule wa Arizona. Jimbo litakaloingia humo lianze kukusanya vipimo na takwimu kabla ya kutunga sheria, kwa kuwa Arizona haikushindwa kwa nadharia peke yake: mahakama iliyosikiliza ushahidi iliona kwamba treni fupi zilileta treni nyingi zaidi, na treni nyingi zaidi zikaleta ajali nyingi zaidi kwenye makutano.